Ogino, muganga aliyehesabu siku kwa kurudi nyuma

Jina lake linatajwa katika nyumba nyingi, kwenye parokia na kwenye centre de santé, tangu Bunia mpaka Uvira. Kuna wanaofikiri Ogino ni jina la dawa. Wengine wanafikiri ni jina la kalenda. Kumbe Kyusaku Ogino alikuwa mtu, muganga wa akina mama huko Japani, na amekufa zaidi ya miaka hamsini sasa. Leo jina lake linatumika kwa kuzuia mimba, lakini yeye alikuwa anatafuta namna ya kusaidia wanawake wasiopata mtoto. Haya ndiyo maisha yake, na hii ndiyo hesabu aliyotuachia.

Mtoto wa mkulima

Ogino alizaliwa tarehe 25 Machi 1882 huko Toyohashi, katika mkoa wa Aichi, Japani ya kati. Wakati wa kuzaliwa hakuitwa Ogino. Familia yake ilikuwa ya wakulima, jina lao Nakamura, na yeye hakuwa mtoto wa kwanza. Katika Japani ya wakati ule nyumba na shamba vilikuwa vinabaki kwa kifungua mimba, na wadogo walilazimika kutafuta njia yao.

Kulikuwa na desturi moja ambayo kwetu huku inaweza kushangaza. Familia iliyokosa mtoto wa kiume iliweza kumchukua kijana aliyekwisha kukomaa, ikamfanya mtoto wake kabisa na kumpa jina ili ukoo usizimike. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Familia ya Ogino, watu wa vitabu na elimu ya zamani, ilimchukua, na tangu hapo akawa Kyusaku Ogino. Kwa hiyo yule muganga ambaye baadaye alihangaikia sana watu wasio na watoto, yeye mwenyewe alikuwa amebeba jina la nyumba iliyotafuta mtoto.

Alisoma Tokyo. Mwaka 1909 alimaliza masomo ya utabibu kwenye Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akachagua kazi ya kuzalisha na kutibu magonjwa ya akina mama. Wenzake wengi walipenda kubaki karibu na maprofesa wa mji mkuu. Yeye mwaka 1912, akiwa na miaka 30, alikubali kazi kwenye hospitali ya Takeyama, mjini Niigata.

Kazi ya Niigata

Niigata ni mji wa bandari kwenye upande wa magharibi wa Japani. Ni eneo la mpunga, na wakati wa baridi theluji inaanguka nyingi sana. Wagonjwa wengi wa Ogino walikuwa wanawake wa mashambani, wenye kulima, kubeba mizigo na kuzaa nyumbani.

Walikuwa wanamletea matatizo mawili yanayopingana. Kuna waliozaa kila mwaka mpaka mwili ukachoka. Na kuna walioolewa miaka miwili, mitatu, bila kushika mimba. Hao wa pili ndio waliomsumbua moyo zaidi. Desturi ya zamani ilisema kwamba bibi anayekaa miaka mitatu bila mtoto anaweza kurudishwa kwa wazazi wake. Hakuna aliyeuliza kama shida ilitoka kwa bwana. Jambo hilo halihitaji maelezo mengi kwa msomaji wa huku kwetu. Ni nani asiyemjua mwanamke aliyerudishwa kwao kwa sababu kama hiyo?

Wanawake hao walikuwa wanauliza swali moja rahisi: ni siku gani mwanamke anaweza kushika mimba? Ogino hakuwa na jibu. Wakubwa wake wa Tokyo hawakuwa nalo, na hata wale wa Ulaya hawakuwa nalo.

Waganga walikuwa wanapapasa gizani

Leo mwanafunzi wa sekondari anafundishwa kwamba yai la mwanamke linatoka katikati ya mzunguko. Zamani hakuna aliyejua. Yai ni dogo mno, linatoka ndani ya tumbo, na wanawake wengi hawasikii kitu chochote siku ile linapotoka.

Katika miaka ya 1800 waganga wengi wa Ulaya waliamini kwamba yai linatoka wakati uleule wa damu ya mwezi. Walikuwa wanalinganisha mwanamke na mbwa jike, ambaye anatoka damu kidogo wakati wa kutafuta dume. Kutokana na kosa hilo walitoa mashauri ya ajabu. Walimwambia mwanamke asiyetaka mimba kwamba siku za katikati ya mwezi ndizo salama, wakati hizo ndizo siku zenye hatari kuliko zote. Na aliyetafuta mtoto walimwambia ajaribu karibu na siku za damu, ambapo kwa kawaida hapati kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 watafiti wa Ujerumani walielewa kwamba yai halitoki wakati wa damu. Lakini walikuwa wanabishana juu ya siku yenyewe. Wengine walisema ni siku ya 14 mpaka ya 16, wengine wakasema ni siku ya 18 au ya 19. Wote walihesabu namna moja: walianza na siku ya kwanza ya damu iliyopita, wakaenda mbele. Kila mmoja alikuwa na wagonjwa wake wa kumpa haki, na kila mmoja alikuwa na wagonjwa waliomkatalia.

Kile Ogino alikiona

Ogino alikuwa mpasuaji. Kila mara alipofungua tumbo la mwanamke kwa ugonjwa fulani, alichukua nafasi hiyo ya kutazama ovari, yaani zile tezi mbili zinazotunza mayai. Aliangalia kama yai limekwisha kutoka ao bado. Kwenye sehemu yai lilipotoka panabaki kitu chenye rangi ya manjano, ambacho waganga wanakiita mwili wa manjano. Kwa kuutazama mwili huo, na kwa kuuchunguza na darubini, aliweza kukadiria umri wake.

Kazi ya mchana ilikuwa ya hospitali. Baadaye alikuwa anakwenda kwenye maabara ya chuo cha utabibu cha Niigata kuchunguza vipande alivyovileta. Pia aliuliza wanawake tarehe zao: damu ya mwisho ilianza lini, na baada ya operesheni damu nyingine ilikuja lini. Ni hilo swali la pili lililomfungulia mlango.

Aliona kwamba akihesabu kwenda mbele, tarehe zinatawanyika huku na huku. Lakini akichukua siku ambayo damu ya nyuma yake ilianza, kisha akahesabu kurudi nyuma, tarehe zinakusanyika pamoja. Yai lilikuwa linatoka kati ya siku ya 16 na siku ya 12 kabla ya damu inayofuata. Ilikuwa hivyo kwa wenye mzunguko mfupi, na hivyohivyo kwa wenye mzunguko mrefu.

Tuchukue mfano, tuseme yai linatoka siku 14 kabla ya damu inayofuata. Mama mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake linatoka siku ya 14. Jirani yake mwenye mzunguko wa siku 25, yai linatoka siku ya 11. Shemeji yao mwenye mzunguko wa siku 35, yai linatoka siku ya 21. Ukiwaambia wote watatu kwamba siku ni ya 14, umemsaidia mmoja na kuwapoteza wawili.

Ogino alitoa matokeo hayo mwaka 1924, akiwa na miaka 42. Mwaka huohuo alipata shahada ya udaktari kutoka chuo chake cha Tokyo kwa utafiti wake juu ya mwili wa manjano. Aliandika kwa Kijapani, na huko Ulaya ni wachache sana waliojua kwamba swali lao limepata jibu.

Juu ya nini hesabu ya nyuma ni sahihi?

Ogino aliona jambo kwa macho. Sababu yake ilielezwa na watafiti wengine katika miaka ileile. Mwaka 1923, Edgar Allen na Edward Doisy wa Marekani walionyesha kwamba ovari inatengeneza homoni, ile iliyokuja kuitwa estrojeni. Karibu mwaka 1927, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, mjini Berlin, walionyesha kwamba ovari yenyewe inaongozwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mwaka 1929, George Corner na Willard Allen, Marekani pia, walipata homoni ya mwili wa manjano, ambayo leo tunaiita projesteroni.

Homoni ni kama mjumbe. Inatumwa ndani ya damu kutoka sehemu moja, inapeleka amri kwenye sehemu nyingine. Kwa mwanamke kazi inakwenda hivi.

Chini ya ubongo kuna tezi inayoitwa hipofizi, yenye ukubwa wa punje ndogo ya maharage. Mwanzoni mwa mzunguko inatuma mjumbe wa kwanza, FSH, kwenda kwenye ovari. Hapo vifuko kadhaa vyenye mayai, vinavyoitwa folikuli, vinaanza kukua. Kimoja kinawapita wengine. Hicho kinatengeneza estrojeni, na estrojeni inaambia kizazi kitengeneze upya ngozi yake ya ndani. Pia inafanya ute wa mwanamke uwe mwepesi na wa kuteleza, sawa vile maji meupe ya yai la kuku.

Estrojeni ikipanda sana na kubaki juu kwa siku kama mbili, hipofizi inajibu kwa kumwaga mjumbe wa pili, LH, kwa wingi na kwa ghafula. Saa kama 36 baadaye folikuli inapasuka, yai linatoka. Lile ganda linalobaki linageuka mwili wa manjano, ambao unaanza kutengeneza projesteroni. Homoni hii inatayarisha kizazi kupokea mimba, inapandisha joto la mwili kidogo, na inazuia yai lingine lisitoke.

Mwili wa manjano una maisha yaliyopangwa. Unaishi karibu wiki mbili. Kama mimba imeingia, ile mimba changa inatuma homoni yake ya kuuambia mwili wa manjano uendelee kuishi. Hiyo ndiyo homoni inayotafutwa kwenye mkojo wakati wa kupima mimba. Kama hakuna mimba, mwili wa manjano unakufa, projesteroni inashuka, ngozi ya kizazi inabomoka, na mwanamke anaona siku zake.

Kwa hiyo sehemu ya pili ya mzunguko haibadiliki sana, kwa kuwa umri wa mwili wa manjano haubadiliki sana. Sehemu ya kwanza ndiyo inayorefuka na kufupika. Folikuli inaweza kuchelewa kukua kwa sababu ya ugonjwa, njaa, mashaka ao safari ngumu. Mwanamke aliyelazimika kukimbia kijiji chake usiku na watoto mgongoni anaweza kuona siku zake zimechelewa wiki mbili bila kuwa na mimba. Damu ilichelewa kwa sababu yai lilichelewa.

Kalenda inazaliwa Ulaya

Mwaka 1929 Ogino alisafiri kwenda Ujerumani, na mwaka 1930 kazi yake ikachapishwa kwa Kijerumani katika jarida la waganga wa akina mama. Kumbe huko Graz, Austria, muganga mwingine, Hermann Knaus, alikuwa amefika karibu na palepale kwa njia yake mwenyewe. Knaus alikuwa amefanya majaribio na sungura, kisha akatazama jinsi msuli wa kizazi unavyojibu homoni kabla na baada ya yai kutoka. Tofauti yao ilikuwa hii: Knaus alitaja siku moja kamili, siku ya 15 kabla ya damu inayofuata. Ogino alitaja siku tano, kwa sababu aliona kwamba miili ya wanawake hailingani. Majina yao yaliunganishwa, na ndiyo maana vitabu vya Kifaransa vinaandika Ogino-Knaus.

Mambo yalienda mbio kuliko walivyotarajia. Mwaka 1930 hiyohiyo, John Smulders, muganga Mkatoliki wa Uholanzi, alichukua utafiti huo na kuugeuza kuwa njia ya kupanga uzazi: ukijua siku za kushika mimba, epuka siku hizo. Mwaka 1932, Leo Latz wa Chicago alitoa kitabu kidogo cha kufundisha hesabu hiyo, kikasomwa na watu wengi Marekani.

Wakati ulikuwa mzuri kwa kalenda. Tarehe 31 Desemba 1930 Papa Pius XI alikuwa ametoa barua kwa Kanisa lote, akakataza wazi kila njia ya kuzuia mimba kwa vifaa ao kwa dawa. Lakini hakuwahukumu wanandoa wanaokutana siku ambazo, kwa sababu za kimaumbile, mimba haiwezi kuingia. Mwaka 1951 Papa Pius XII alizungumza na wakunga wa Italia, akakubali kwamba wanandoa wenye sababu nzito wanaweza kutumia siku hizo. Mwaka 1968 Papa Paulo VI alirudia jambo hilo. Hivyo jina la Mjapani asiyekuwa na shughuli yoyote na Roma likaingia kwenye mafundisho ya ndoa ya Wakatoliki dunia nzima.

Mwenye jina hakukubali

Ogino alipopata habari kwamba kazi yake imegeuzwa njia ya kuzuia mimba, hakufurahi. Alipinga, na aliendelea kupinga kwa miaka mingi. Aliona kwamba hesabu ya siku inafaa sana kwa mwanamke anayetafuta mtoto. Huyo akikosea siku, hakuna kilichoharibika, anajaribu tena mwezi unaofuata. Lakini kwa mwanamke asiyetaka mimba, kosa la siku moja ni mimba. Kwake yeye kutangaza njia yenye makosa mengi, wakati kuna njia nyingine zilizo na nguvu zaidi, kulikuwa ni kuwaletea wanawake mimba wasizozitaka, na baadaye wengine kuzitoa.

Mambo yaliyofuata yalimpa haki. Ufaransa watu walizoea kumwita mtoto aliyekuja bila kupangwa bébé Ogino. Ni mchezo wa maneno, lakini kwa muganga aliyejitoa kwa ajili ya wasiozaa, haikuwa heshima.

Ilivyofika kwetu

Katika Kongo ya Wabelgiji, amri ya mwaka 1933 ilikataza kutangaza na kugawa vifaa na dawa za kuzuia mimba. Kilichobaki bila matatizo na sheria wala na Kanisa kilikuwa kuhesabu siku. Hivyo kalenda ikapata nafasi kwenye mafundisho ya ndoa, kwa mapadri, kwa masista wa maternité na kwa wauguzi. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, serikali ya Mobutu ilianza kuzungumza juu ya naissances désirables, na njia nyingine zikaanza kufika kwenye hospitali. Hata hivyo, ni sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 iliyokuja kuweka wazi haki ya kutumia njia za kupanga uzazi.

Leo akina mama wengi wanajua pia collier du cycle, ule mkufu wenye shanga za rangi. Ushanga mwekundu ni siku ya kwanza ya damu, zile za kahawia ni siku ambazo mimba ni ngumu kuingia, na zile nyeupe, tangu siku ya 8 mpaka ya 19, ni siku za kushika mimba. Mkufu huo ulitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kwa wanawake ambao mzunguko wao uko kati ya siku 26 na 32. Ni mtoto wa mtoto wa kazi ya Ogino. Mwanamke mwenye siku 24 ao 36 haumfai, hata kama jirani yake unamsaidia.

Hesabu yenyewe, na pale inadanganya

Wengi wanasema wanafuata Ogino, lakini wanahesabu siku ya 14 tu, jambo ambalo Ogino mwenyewe alilikataa. Hesabu yake inadai kwanza kuandika tarehe za mizunguko kwa miezi isiyopungua sita. Mzunguko unaanza siku ya kwanza ya damu na unamalizika siku moja kabla ya damu nyingine. Kisha unatafuta mzunguko mfupi kuliko yote na kutoa 18. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya hatari. Unatafuta mrefu kuliko yote na kutoa 11. Hiyo ndiyo siku ya mwisho.

Mwanamke ambaye siku zote ana 28 anapata tangu siku ya 10 mpaka ya 17, siku 8. Lakini mwanamke ambaye mara ana 25, mara ana 32, anapata tangu siku ya 7 mpaka ya 21. Hizo ni siku 15, karibu nusu ya mwezi. Hapo mabwana wengi wanachoka, na hesabu inavunjwa si kwa kukosa akili bali kwa kukosa mapatano nyumbani.

Kuna tatizo jingine ambalo liko ndani ya ugunduzi wenyewe. Yai linahesabiwa kutoka kwenye damu inayofuata, na hiyo damu bado haijakuja. Kalenda inakisia mwezi huu kwa kutazama miezi iliyopita. Kama mwezi huu mama ameugua, amekimbia vita, amelala na njaa ao ananyonyesha, miezi iliyopita haimwambii ukweli. Msichana aliyeanza kuona siku zake majuzi na mama anayekaribia kukoma hedhi, nao mizunguko yao haina mpangilio. Zaidi ya hayo, mbegu ya mwanaume inaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke mpaka siku tano, muda mrefu kuliko Ogino alivyodhani wakati wake. Na kalenda haizuii ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa.

Kwa wanaotafuta mtoto

Hapa ndipo Ogino alipotaka tufike. Yai likitoka linaishi saa 12 mpaka 24 tu. Kwa hiyo siku za kupata mimba ni kama sita kwa kila mzunguko: siku tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe linapotoka. Watu wa nyumba wanaosubiri mpaka yai limetoka, mara nyingi wamechelewa. Ute ule wa kuteleza ni alama nzuri kwamba siku zimefika, hata kwa mama ambaye mizunguko yake inabadilika. Wakati huo wakutane kila siku ao kila siku mbili.

Kama mwaka umepita bila mimba, ama miezi sita kwa mwanamke aliyepita miaka 35, waende hospitali. Waende wawili. Karibu nusu ya nyumba zinazokosa mtoto, mwanaume naye ana sehemu yake katika tatizo, na kipimo cha mbegu zake ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mwanamke. Bibi kurudishwa kwao kabla ya bwana kupimwa ni dhuluma, iwe Niigata ya mwaka 1912 ao hapa kwetu leo.

Mwisho wa maisha yake

Pamoja na jina kubwa, Ogino hakuhama. Alibaki Niigata, akawa mkuu wa hospitali ileile ya Takeyama, akaendelea kupokea wanawake wa mashambani. Alifanya pia kazi kubwa ya kupasua wagonjwa wa kansa ya shingo ya kizazi, na kuna namna moja ya operesheni hiyo inayobeba jina lake huko Japani. Aliishi akaona vidonge vya kupanga uzazi vikikubaliwa Marekani mwaka 1960. Vidonge hivyo vinatumia ileile kazi ya mwili wa manjano: vinaambia hipofizi kwamba hakuna haja ya kutoa yai. Nchi yake mwenyewe ilichelewa, vidonge vya kipimo kidogo vilikubaliwa Japani mwaka 1999 tu.

Ogino alikufa tarehe 1 Januari 1975, siku ya mwaka mpya, akiwa na miaka 92. Mji wa Niigata umempa barabara yenye jina lake.

Mama ao msichana anayetaka kujua hesabu yake mwenyewe, aanze leo kuandika tarehe kwenye daftari, kisha aende nalo kwenye centre de santé iliyo karibu. Muuguzi akiona miezi sita imeandikwa vizuri, atakuwa na cha kumwambia.